Mtoto anataka kusoma uganga: barua ya mapendekezo tuiombe kwa nani, na namna gani?



Mwaka jana, siku ya tatu jioni, mama mmoja wa kikundi chetu alifika kwangu na beseni ya sambaza ikingali kichwani. Alitoka soko la Kadutu moja kwa moja, hakupita hata kwake. Nyuma yake alikuwa binti yake, ameshika karatasi moja ndani ya plastiki ili mvua isiilowanishe. Binti yule alikuwa amepata diploma ya Serikali na asilimia 67, opsio ya kemia na biolojia. Tangu angali mdogo anasema neno moja tu: atasoma uganga.

Karatasi ile ilikuwa tangazo la chuo kikuu. Mama hasomi Kifaransa. Aliweka kidole kwenye mstari wa sita, akaniuliza: «Mama Mwalimu, hapa wanataka nini?»

Walitaka barua mbili za mapendekezo, zile ambazo watoto wanaziita rekomandasio. Zilikuwa zimebaki siku tano dosie zifungwe. Nilipomweleza, mama alitua beseni chini, akakaa kimya, kisha akasema: «Sasa sisi, nani anatujua?»

Swali lile nililala nalo. Leo, kwa sababu matokeo ya mtihani wa Serikali yanatoka na watoto wetu wengine wanatayarisha dosie, nataka tulijibu pamoja.

Barua hii ni nini

Kwanza tusiichanganye na makaratasi mengine. Cheti cha mwenendo mwema tunakipata kwa wakubwa wa komini au wa teritwari. Cheti cha kuzaliwa ni karatasi nyingine. Cheti cha afya kinatoka kwa mganga wa lopitali. Karatasi hizo zote zina fomu yake. Wanajaza jina, wanapiga kashe, imekwisha.

Barua ya mapendekezo haina fomu. Ni barua ambayo mtu mzima, aliyemfundisha mtoto au aliyefanya naye kazi, anaeleza mambo aliyoyaona kwa macho yake. Bulteni inasema mtoto alipata alama ngapi. Barua inasema alizipata namna gani: je, ni mtu wa kuvumilia? Akikosea anaficha au anasema? Anazungumza namna gani na mtu aliye chini yake? Masomo ya uganga yanachukua miaka sita na zaidi, na nyuma yake kuna kazi ya usiku, ya damu na ya vilio. Wale wanaopokea dosie wanataka kujua kama mtoto huyu atasimama.

Si kila chuo kinaomba barua hii. Kwa vingine diploma, bulteni na mtihani wa kuingia vinatosha. Vyuo vingine vya makanisa yetu vinaweza kuomba barua ya paroko au ya mchungaji. Wenye kutoa basi ya masomo, yaani msaada wa kulipia chuo, wanaiomba mara nyingi. Kwa hiyo tusikimbie kutafuta barua kabla ya kusoma tangazo mstari kwa mstari. Na tujue hili pia: barua haiwezi kuchukua nafasi ya diploma wala ya mtihani wa kuingia. Mtoto aliyeanguka kwenye mtihani hataokolewa na barua, hata kama ingeandikwa na askofu.

Nani aiandike

Hapa ndipo wengi wetu tunapotea. Tukisikia «mapendekezo», tunafikiri mtu mkubwa: depite, mkubwa wa komini, mwanajeshi mwenye nyota nyingi begani, shemeji aliye Kinshasa. Tunamtafuta, tunamsubiri mlangoni, na mwishoni anatoa karatasi yenye kashe nzuri inayosema: «Naijua familia hii, ni watu wema.» Msomaji ataiweka kando, kwa kuwa haikumwambia kitu juu ya mtoto.

Barua ya kwanza iombwe kwa mwalimu aliyemfundisha mtoto kemia, biolojia au hesabu katika miaka miwili ya mwisho, au kwa mwalimu tituleri wa darasa lake. Prefe anaweza kutia sahihi yake chini na kupiga kashe ya masomo. Lakini prefe mwenye wanafunzi mia nane, tumwache ashuhudie kwamba mwalimu ni wake na mtoto alisoma pale. Ya ndani yatoke kwa yule aliyekaa na mtoto darasani.

Barua ya pili, kama wanaiomba, itoke kwa mtu aliyemwona mtoto kati ya watu: mganga tituleri wa kituo cha afya cha kartie, sista mwenye kulinda wagonjwa, kiongozi wa vijana wa Msalaba Mwekundu, mchungaji, mkubwa wa kwaya. Asiwe baba yake mdogo wala shangazi yake, hata kama shangazi ni mganga. Ndugu anashuhudia kwa upendo, na kila mtu anajua upendo haupimi kilo sawasawa.

Tunamfahamu wote daktari Denis Mukwege wa Panzi, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Amesimulia mara nyingi kwamba akiwa mtoto hapa Bukavu alimfuata baba yake, aliyekuwa mchungaji, kwenda kuwaombea wagonjwa, na huko ndiko alikopata wazo la kuwatibu wale ambao baba aliwaombea. Baadaye akaenda kusoma uganga Bujumbura. Tujiulize: mtoto wetu naye, ni nani aliyemwona akifuatana na wagonjwa? Huyo ndiye mwandishi wa barua ya pili.

Kosa langu mimi

Kabla sijaendelea, niseme kosa langu, maana mwalimu asiyesema makosa yake hafundishi vizuri.

Mwaka wangu wa tatu wa kufundisha, watoto kumi na mmoja waliniomba barua ndani ya juma moja. Nilikuwa na mafungu ya kusahihisha, na mtoto wangu alikuwa na homa. Nikaandika barua moja: mwanafunzi mwenye akili, mwenye bidii, mwenye adabu. Nikaipiga kopi mara kumi na moja, nikabadilisha majina tu.

Wanne kati yao walipeleka dosie kwenye fakilte moja. Mtu wa ofisi alizitandika barua zangu nne mezani, moja kando ya nyingine. Maneno yalikuwa yaleyale, koma zilikuwa fasi zilezile. Tena kijana mmoja wa kiume, barua yake ilimwita «binti huyu» mara tatu, kwa sababu nilisahau kubadilisha. Hawakuwakatalia kwa ajili ya hiyo, lakini zile barua walizirudisha kama karatasi tupu na kusema wakatafute nyingine, na siku zilikuwa zimekwisha kubaki mbili. Yule kijana alikuja kuniambia kwa upole, bila kunilaumu. Upole wake uliniuma kuliko matusi.

Toka siku ile, sikubali kuandika barua ya mtoto asiyeniletea ukurasa wake. Ukurasa gani? Ndiyo nataka kueleza sasa.

Mpe mwandishi kitu cha kuandika

Mwalimu ana watoto hamsini au sitini kwa darasa moja. Anaweza kumpenda mtoto wako na bado akasahau alichofanya mwaka uliopita. Kwa hiyo mtoto asiende mikono mitupu. Abebe vitu hivi:

1. Kopi ya tangazo, na tarehe ya mwisho imepigwa mstari.
2. Jina la yule barua inamwendea: dekano wa fakilte, kamati ya basi, au mwingine.
3. Kopi za bulteni za miaka miwili ya mwisho, na ya diploma kama imekwisha kutoka.
4. Ukurasa mmoja wa mkono wake mwenyewe, wenye mambo matano hivi: somo gani lilimshinda na alifanya nini ili alishinde, kazi gani anafanya nyumbani au kanisani, lini alimsaidia mgonjwa, kwa nini anataka uganga, shida gani ilimkawisha, kama ipo.
5. Namba ya simu ya kumpata.

Kuhusu shida, tusione haya. Kama mtoto alikosa masomo miezi miwili kwa sababu mama alikuwa lopitali na yeye ndiye aliyepika na kulinda wadogo zake, bulteni itaonyesha alama zimeanguka, lakini haitasema sababu. Mwalimu anaweza kuisema kwa mistari miwili, na msomaji ataelewa.

Muda: tumpe mwalimu majuma matatu, au mawili kama hakuna njia. Wengine wanasubiri diploma itoke ndipo waanze kumtafuta mwalimu, wakati yeye amekwenda kusahihisha mitihani au amerudi Walungu kulima. Ni vizuri zaidi mtoto aombe mwezi wa tano, kabla ya mtihani, darasa likingali pamoja. Haraka haraka haina baraka.

Na namna ya kuomba: mtoto mwenyewe ndiye aombe, si mama. Mama amsindikize kama ni lazima, lakini maneno yatoke kwa mtoto. Amuulize mwalimu hivi: «Je, unanijua vya kutosha ili uniandikie barua nzuri?» Mwalimu akisitasita, amshukuru na atafute mwingine. Barua ya mtu asiyetaka inasomeka toka mstari wa kwanza.

Wako walimu wanaosema: «Andika wewe, mimi nitatia sahihi.» Mtoto asikubali kujisifu mwenyewe chini ya jina la mtu mwingine. Ampe ule ukurasa wa mambo matano na amwombe kwa heshima aandike kwa maneno yake, hata mistari kumi tu.

Barua nzuri inasema hivi

Barua zetu zinaandikwa kwa Kifaransa, lakini nimeona ni vizuri kila mama aelewe kilichomo. Hii ni mfano:

*«Bwana Dekano, nimemfundisha binti huyu kemia kwa miaka miwili, darasa la tano na la sita. Kati ya wanafunzi 48, alikuwa wa nne. Mwanzo wa darasa la tano alipata 9 kwa 20. Alikuja kuniuliza kila siku ya pili nyuma ya masomo, na mwisho wa mwaka alipata 15. Siku moja kwenye mazoezi alimwaga dawa na kuharibu kazi ya kikundi. Hakungoja niulize, alikuja mwenyewe kusema ni yeye, akarudia kazi yote peke yake. Hasemi sana darasani, na ningependa azoee kuuliza mbele ya watu. Namuona anaweza masomo ya uganga. Niko tayari kueleza zaidi kwa simu hii.»*

Chini yake: jina, kazi, sahihi, tarehe, namba ya simu, kashe.

Tuangalie vizuri. Mwandishi amesema anamjua toka lini. Ametoa hesabu. Amesimulia jambo moja lililotokea. Amesema hata upungufu mdogo, na kwa hiyo msomaji anamwamini kwa yale mengine. Haizidi ukurasa mmoja. Neno «akili» halimo hata mara moja, na bado tumeelewa.

Tangazo likiomba bahasha iliyofungwa, tusiifungue. Najua hamu ya kusoma, mimi pia ni mama. Lakini bahasha iliyofunguliwa na kugundishwa tena inajulikana, na inamchafulia mtoto jina bure.

Barua haiuzwi, wala hailipwi kwa mwili

Sasa turudi kwa mama wa sambaza. Usiku ule nilimuuliza binti: mwalimu wako wa kemia je? Akaangalia chini, akaanza kukunja ile plastiki. Mama yake akasema: «Mwalimu huyo amekubali, sijui kwa nini mtoto hataki kwenda kuchukua.»

Nikamwomba mama atoke nje kidogo. Ndipo binti akasema. Mwalimu alimwambia barua iko tayari, lakini aje kuichukua siku ya posho saa moja ya usiku, nyuma ya baa moja, na aje peke yake. Alikuwa amekwisha kuamua kuacha uganga. Alisema: «Nilifikiri nitasoma kitu kingine, ili mama asisikie haya.»

Wamama, mtoto yule alikuwa tayari kuzika kazi ya maisha yake ili atulinde sisi na haya. Ndiyo maana naandika makala hii.

Kesho yake asubuhi saa nne tulikwenda kwenye ofisi ya masomo yale, wamama watatu na binti katikati yetu. Hatukupiga kelele. Tulieleza kwa prefe, tukaomba aandike kwenye daftari lake, na tukangoja mpaka akaandika. Jina la masomo yale silitaji. Nasema tu kwamba wamama watatu waliokaa kwenye benchi la ofisi hawafukuzwi kirahisi kama mmoja.

Tujue sheria. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, juu ya makosa ya kijinsia, inasema kwamba mtu anayetumia madaraka ya kazi yake kumsonga mwingine ili apate mwili wake anaweza kufungwa toka mwaka 1 mpaka miaka 12. Si «desturi ya walimu», ni kosa la kwenda gerezani. Sisi walimu tulio wengi tunalichukia, kwa sababu linatuchafua wote.

Basi tushike mambo haya. Barua inachukuliwa mchana, ofisini au darasani, mlango wazi. Binti asiende peke yake. Akikataa kwenda fasi fulani, tusimgombeze. Tumuulize polepole, bila watu. Na kuhusu feza: kununua karatasi na kulipa kopi ni sawa. Mtu anayeomba dola ili ashuhudie ukweli anauza ushuhuda, na kesho ataushuhudia uongo kwa aliyelipa zaidi.

Kama vita vimewatawanya

Wamo kati yetu waliokimbia. Masomo yamefungwa au yameungua, prefe hajulikani aliko, na kashe imepotea. Hata hivyo mwalimu aliyekimbilia mji mwingine bado ni mwalimu wa mtoto wako. Aandike kwa mkono: mimi fulani, nilifundisha fasi fulani, toka mwaka huu mpaka mwaka huu. Atie sahihi na namba ya simu, apige picha, aitume kwa WhatsApp, nanyi muitoe kwenye karatasi. Kisha mtoto aende ofisi ya fakilte na aeleze kwa nini hakuna kashe, aulize kama wataipokea hivyo. Aulize kabla ya tarehe ya mwisho, si siku ile ile.

Na wale wanaojaribu vyuo vya Rwanda au Uganda: barua inaweza kuombwa kwa Kiingereza, na mara nyingine chuo kinaiomba kwa mwalimu mwenyewe kwa barua-pepe, mtoto haioni. Hakikisheni mwalimu ana barua-pepe anayoifungua kweli. Nimeona dosie iliyokwama kwa sababu mwalimu alisahau neno lake la siri.

Mwisho wake

Barua ya kwanza ya binti yule iliandikwa na mwalimu wake wa hesabu, mama wa watoto sita, ambaye alikubali siku ileile na kuimaliza siku ya pili yake. Ya pili iliandikwa na mganga tituleri wa kituo cha afya ambako binti alisaidia siku za kupima uzito wa watoto. Yeye aliandika juu ya kadi. Kazi ya binti ilikuwa kuandika kilo tu. Siku moja aliona mtoto mmoja amepungua mara mbili mfululizo, na mama yake alikuwa amekwisha kufunga kitambaa mgongoni ili aende. Binti alimkimbilia mpaka njiani, akamrudisha kwa mganga. Hakuna aliyemtuma.

Dosie ilifika siku ya mwisho, saa tisa. Alifanya mtihani wa kuingia, akapita. Ni ule mtihani uliomwingiza, si barua. Lakini bila barua mbili asingekaa kwenye kiti cha mtihani. Muso yetu ilimkopesha mama feza ya kuandikisha, na amekwisha kurudisha nusu, sambaza kwa sambaza.

Mama aliuliza nani anawajua. Mwalimu mmoja na mganga mmoja wa kartie walimjua mtoto wake, na walitosha.

Mwenye mtoto wa darasa la tano au la sita, nitakuwa kwenye chumba chetu cha mkutano siku ya posho nyuma ya likelemba, kwa kusaidia kuandika ule ukurasa wa mambo matano. Mlete bulteni, kalamu na tangazo. Na mlete mtoto mwenyewe, kwa kuwa siwezi kumwandika mtoto nisiyemwona.